Mafia, Mchumba na Samaki wa Sahani

Kuna safari za kwenda kupumzika, na kuna zile unazorudi umechoka kuliko ulivyoondoka lakini hukubali kubadilishana na mtu. Hii yangu ilikuwa zote mbili kwa mpigo.

Ilikuwa imebaki miezi miwili harusi yetu ifike. Kamati inakutana kila Jumapili, kadi za michango zimewachosha hata ndugu wa damu, na mimi na mwenzangu tumeshaanza kununiana kwa sababu ya rangi ya vitambaa vya viti. Jioni moja tukiwa kwenye foleni ya Mandela akazima redio akasema, "Twende kwetu ukawaone wazee. Siku nne tu." Kwao ni Mafia.

Sikumjibu mara mbili. Nikaomba ruhusa kazini, nikanunua kofia pana na losheni ya jua, nikajiona niko fungate kabla ya fungate.

DAKIKA THELATHINI TU

Unaweza kwenda Mafia kwa boti kutoka Nyamisati, au ukapanda kindege kutoka Dar, dakika kama thelathini hivi. Sisi tulipanda kindege. Chini unaiona delta ya Rufiji, mikoko na mito iliyojikunja kama nywele za mtoto, maji ya kahawia. Halafu ghafla rangi inabadilika, unaona buluu, kijani, na mabaka meusi ya miamba chini ya maji. Kwa kweli nilisahau kabisa habari za vitambaa.

Kilindoni ni mji mdogo, kila mtu anamjua kila mtu. Mwenzangu alisalimiwa mara kumi na mbili kabla hatujapata bajaji. Tukaelekea Utende, tukalipa kiingilio cha hifadhi, na jua lilipokuwa linazama tulikuwa tumekaa kwenye mkeka nyumbani kwa baba yake mkubwa, ndugu wa marehemu baba yake, ambaye ndiye aliyemlea.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Karibu kwenu."

Mama mkubwa alileta wali wa nazi na changu wa kupaka. Nakwambia, ule mchuzi hauna hoteli Dar inayouweza. Nikala nikashiba, na hapo ndipo kiherehere kikanipanda. Si unajua tena, mkwe mtarajiwa anataka aonekane anajua mambo. Kabla ya safari nilikuwa nimesoma habari za Mafia, nikaanza kumwaga. Kwamba hii ndiyo hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995, kilometa za mraba 822. Wazee wakatabasamu. Nikaona nimepata soko, nikaongeza: "Lakini hawa wavuta juya wangefungwa wote. Ndio waliomaliza samaki."

Kimya. Mama mkubwa akainuka kwenda kuleta maji, na jagi lilikuwa limejaa. Baba mkubwa akanawa mikono polepole, akasema, "Usiku mwema mwanangu. Kesho maji yanatoka mapema, nitawatembeza."

MIAKA MINNE, NA HILI SILIJUI

Usiku ule tuligombana kwa kunong'ona, maana kuta za nyumba zinasikia.

"Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye juya," akaniambia. "Sare, madaftari, godoro la bweni. Baba mkubwa alikuwa na juya na watu wake wa kuvuta. Mimi mwenyewe nimevuta likizo zote."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema nini?"

Hapo nikakosa jibu. Miaka minne tuko pamoja. Namjua anavyokunywa chai, namjua akidanganya kwamba yuko njiani, namba ya siri ya simu yake naijua. Hili sikulijua. Nikalala nimegeukia ukutani nikijiuliza kuna mengine mangapi. Sikuwa na hasira ya samaki, wasomaji wangu, niseme ukweli. Nilikuwa na hasira ya kufichwa.

DARASA LA BABA MKUBWA

Alfajiri tukapanda dau. Baba mkubwa kashika usukani, mwenzangu kashika kamba ya tanga, mimi nimeshika kofia yangu. Hatukusemeshana, sisi wawili.

Sehemu ya kwanza ni ndani ya eneo ambalo hifadhi hairuhusu kuvua kabisa. Nikavaa miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, nikatumbukiza uso. Jamani! Matumbawe yamesimama kama pembe za paa, mengine mapana kama meza, mengine ya duara makubwa kuliko gari dogo. Pono wanayang'ata mpaka unasikia kwa masikio yako, krr, krr. Kundi la changu likapita limenipuuza. Chini ya jiwe chewa mmoja mnene ananitazama kama bosi aliyekukuta unachelewa.

Sehemu ya pili haikuwa mbali. Baba mkubwa akateremsha tanga, akasema tu, "Ingia." Nikaingia. Nilidhani miwani imeingia mchanga. Chini palikuwa na vipande vya matumbawe, vimelala kama kokoto za barabara ambayo mkandarasi kaikimbia. Palipo na nyasi za bahari pana vipara. Samaki walikuwepo, wadogo, wachache. Waliojaa ni wale viumbe wa duara wenye miiba mirefu myeusi, wale wanaokuchoma mguu ukikanyaga.

Nilipopanda daoni mzee alikuwa anasuka kamba. Akaanza kunieleza bila kuniangalia.

Juya, akasema, ni wavu mrefu wenye matundu madogo. Juu una maboya, chini una vizito. Mnauzungusha, halafu watu wengi mnauvuta kutoka pande mbili, na ule upande wa chini unafagia sakafu ya bahari kama fagio la chelewa. Nyasi zinang'oka, matumbawe yanavunjika, na wanaovuta nao wanakanyaga. Wavu hauchagui. Unambeba mkubwa na mtoto wake, na vitoto vya samaki ambao wangekuja kuwa wakubwa kweli. Zile nyasi ndipo samaki wengi wanapokulia utotoni kabla ya kuhamia mwambani. "Kwa hiyo tulikuwa tunavunja nyumba na shule ya chekechea siku hiyo hiyo," akasema.

Na wale wa miiba? Kuna samaki anaitwa kikande, mwenye meno magumu, ambaye kazi yake ni kuwapasua na kuwala. Mkimmaliza kikande, wa miiba wanazaana bila wa kuwapunguza, wanaugugunya mwamba hadi unalika. Tumbawe la duara linaongezeka kama sentimeta moja tu kwa mwaka. Hesabu mwenyewe lile la ukubwa wa gari lilianza lini.

Nikamuuliza kuhusu baruti. Uso ukamkunjamana. Sheria ilikataza tangu mwaka 1970, lakini watu waliendelea kulipua pwani yetu kwa miaka mingi, mpaka msako mkali wa kuanzia mwaka 2016 ulipopunguza sana milipuko. Baruti inapasua kibofu cha hewa cha samaki, wengi wanazama chini wasiokotwe, na tumbawe linabaki kifusi. Kifusi kinaviringika na mawimbi, kwa hiyo tumbawe jipya likijishika halipati pa kutulia. "Baruti sikuwahi kushika," akasema. "Lakini nisijisifu. Juya linafanya taratibu kile ambacho baruti inafanya kwa kishindo."

Na tusiwatwike wavuvi kila kitu. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto lisilo la kawaida, matumbawe ya Mafia yakageuka meupe na mengi yakafa. Tofauti ni kwamba pale palipoachwa na miundo yake na samaki wake, uhai una pa kuanzia. Kwenye kifusi hauna pa kushika.

"SIYO KWAMBA SIKUJUA"

Nikakusanya ujasiri. "Baba mkubwa, nisamehe kwa maneno ya jana."

Akacheka kidogo. "Mwanzoni tukivuta mara moja dau linajaa. Mwishoni tunavuta mara tano tunapata kapu moja, na samaki wenyewe kama vidole vyangu. Kwa hiyo tukatafuta wavu wa matundu madogo zaidi. Mwanangu, mimi siyo mwizi. Huyu alikuwa hana baba, na shule haikungoja. Lakini siyo kwamba sikujua."

Halafu akamgeukia mwenzangu. "Na wewe, jambo lako ulieleze mwenyewe. Usimwachie mzee."

Mwenzangu akaangalia maji. Mimi nikaangalia mikono yake, ile mikono laini ya kubonyeza kompyuta, nikaona alama ya kamba katikati ya kiganja cha kulia. Nilikuwa naijua alama ile. Aliwahi kuniambia ni ya baiskeli.

Baba mkubwa aliliacha juya wakati wa mpango wa kubadilishana zana. Alikabidhi wavu, akapata nyavu za matundu makubwa. Siyo kwamba maisha yalinyooka siku hiyo. Alikuwa na deni dukani, na baadhi ya waliokuwa wakimvutia hawakumsemesha kwa muda mrefu, maana juya moja linalisha nyumba nyingi. Hapo ndipo nikaelewa kwamba "wafungwe wote" ni maneno rahisi kwa mtu aliyeshiba wali wa nazi.

CHEWA NA MAPENZI

Kabla ya kurudi ufukweni akanipa somo la mwisho. Chewa wengi, akasema, wanaanza maisha wakiwa majike, wakikua ndipo baadhi wanageuka madume. Nikadhani ananitania, kumbe kweli, wanasayansi nao wanasema hivyo hivyo. Maana yake mkiwavua wakubwa wote, madume yanakwisha. Na jike kubwa linataga mayai mengi kupita kiasi ukililinganisha na dogo. Kwa hiyo unahitaji wakubwa wabaki, na wadogo wafikie angalau kuzaa mara moja.

Nikanyamaza. Maana kwenye menyu ya harusi yetu, ukurasa wa pili, tulikuwa tumeagiza "samaki mzima wa saizi ya sahani" kwa kila mgeni. Chewa au changu, atakayepatikana. Wageni mia tatu. Na chewa wa saizi ya sahani, wasomaji wangu, mara nyingi ni mtoto.

Siyo sisi peke yetu duniani. Ripoti ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba asilimia 37.7 ya akiba za samaki wa baharini zinazofuatiliwa zinavuliwa kupita uwezo wake wa kujirudisha. Lakini yapo yanayowezekana. Kule Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, mwaka 2004 wanakijiji walifunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache wasichokoe pweza. Pweza anakua haraka mno, kwa hiyo walipofungua wakawakuta wakubwa. Vijiji vingine vikaiga, na huku kwetu Pemba nako mtindo huo umeingia.

TULIVYOMALIZANA

Usiku wa mwisho tulikaa ufukweni, tukazungumza mpaka mbu wakatushinda. Akanieleza yote: likizo za kuvuta, aibu ya bweni alipokuwa ananuka samaki, baiskeli ambayo haikuwahi kuwepo. Mimi nami nikatoa langu moja, la deni la kazini ambalo nilipanga alijue baada ya ndoa. Alinuna dakika kumi, akauliza ni shilingi ngapi, tukaanza kupiga hesabu. Nilijisikia mwepesi.

Jumapili iliyofuata tukaingia kikaoni tukasema tunataka vibua wa kupaka nazi badala ya samaki wa sahani. Mama mmoja wa kamati akashika kichwa. "Vibua? Harusini? Watu watasema nini!" Mwenzangu akasimama, yule mpole ambaye hasemi vikaoni, akasema, "Watasema vitamu." Vibua vikapita. Vitambaa vya viti bado tunagombana.

UKITAKA KWENDA

• Papa potwe wanaonekana upande wa Kilindoni, hasa kuanzia Oktoba hadi Februari. Ogelea naye kwa umbali, usimguse.

• Vuka kwenda Chole ukaone popo wakubwa, na Juani ukatembee kwenye magofu ya Kua.

• Ukiwa majini usikanyage matumbawe wala kuyashika. Makombe na kauri yaache yalipo.

• Ukirudi Dar, ukienda Feri muulize muuzaji samaki kavuliwaje, na chewa wadogo waache. Vibua na dagaa wanakua haraka na kuzaa mapema.

• Na kama mko wawili, kila mmoja aende na siri yake moja, arudi bila nayo.