Mota Haikuwa na Kosa

Katika karakana ya malori nifanyapo kazi hapa kusini mwa Uswidi, lori likiingia na taa ya usukani inawaka, fundi hashiki spana kabla ya kuunga kompyuta. Na majira ya baridi yaliyopita, ilipotuarifu ya kwamba mota ya umeme iliyokaa juu ya boksi la usukani inapata volti pungufu, mwenzangu alitaka papo hapo kuagiza mota mpya, ambayo bei yake, wallahi, ingelisha nyumba nzima kwetu kwa miezi.

Kule Changamwe nilikofunzwa kazi, usukani wa malori mengi husaidiwa na pampu ya mafuta inayozungushwa na injini, hata fundi umeme hana shughuli nao. Lakini mzee aliyenifunza alikuwa na globu ya taa ya mbele, wati 70 kwa volti 24, aliyoiunga nyaya mbili ndefu, wala hakuusadiki waya wowote wa moto mpaka auone umeiwasha barabara. "Mwanangu," akinambia, "mita hainywi kitu; itajuaje kama mtungi una maji?"

Na kweli, tulipoichomoa soketi ya mota tukapima, mita ilionyesha volti 27.5, sawasawa na betri. Tukairudisha, injini ikinguruma, nikamwomba mwenzangu auzungushe usukani ilhali lori limesimama, maana hapo ndipo mota inapofyonza umeme mwingi kabisa. Volti zikashuka hadi 22.1. Nikapima njia ya kwendea, chanya ya betri hadi chanya ya mota: 0.3. Nikapima njia ya kurudia, hasi kwa hasi: 5.1. Hesabu ikatimia. Pale waya wa hasi ulipofungwa kwenye chesisi, chini ya rangi iliyoonekana salama, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani kwa chumvi imwagwayo barabarani kuyeyusha barafu; tukaikata, tukabana ncha mpya, tukakwangua chuma hata kikang'aa.

Sisemi globu ile ingalitosha: yenyewe hunywa ampea 3 hivi, ilhali mota hii hutaka makumi, na ukiigusisha nyaya nyembamba za kompyuta ya lori waweza kuiunguza kompyuta yenyewe. Jioni mwenzangu aliandika vipimo vyote daftarini, pamoja na tarehe na namba ya lori, jambo ambalo mzee wangu, Mola amrehemu, hakulifanya hata siku moja. Yake yote aliyahifadhi kifuani, akaenda nayo.