Mizani ya Susu

Konda wa matatu huniita Mhindi ninapopanda, halafu Mkamba nikianza kubishana naye juu ya chenji. Shuleni niliitwa pointi, yaani pointi faivu, nusu hiki nusu kile. Hata hesabu yao haikuwa sawa, mimi ni robo tu. Serikali ilipotangaza mwaka wa 2017 kwamba Wahindi wa Kenya ni kabila la 44, rafiki yangu alinitumia ujumbe: "Hongera, sasa una makabila mawili." Nilicheka. Kisha nikajiuliza kama mamangu, ambaye hajawahi kumwona babake, naye alikuwa kwenye hiyo hesabu.

Hadithi tuliyolelewa nayo ni fupi. Babu alikuwa Mhindi mwenye duka Makindu. Babake alikuwa mmoja wa wafanyakazi zaidi ya 30,000 walioletwa na Waingereza kujenga reli kati ya 1896 na 1901. Wengi wao walirudi kwao, yeye akabaki. Susu, nyanya yangu, aliajiriwa dukani akiwa msichana. Mama akazaliwa 1966. Mapema 1968 Babu akaenda Uingereza. Wahindi wengi wenye pasipoti za Uingereza waliondoka wakati huo, kwa sababu sheria mpya ya Kenya iliwataka wasio raia kuomba vibali vya kazi, na Uingereza nayo ilikuwa karibu kuwafungia mlango. Hadithi inaishia hapo: alimtoroka Susu.

Sikuwahi kuichunguza mpaka nilipompenda mtu. Tumekuwa pamoja miaka miwili. Kwao ni Parklands, lakini mimi naijua Parklands mpaka kwenye geti lao tu. Akipigiwa simu na mamake, mimi hunyamaza bila kuambiwa.

Kwa hivyo nikaanza kusoma, kama mtu anayetafuta dalili za ugonjwa wake. Katika riwaya ya M. G. Vassanji kuhusu Vikram Lall, Deepa na Njoroge wanajuana tangu utotoni Nakuru. Uhuru unakuja, bendera inabadilika, lakini nyumbani kwa kina Deepa mapenzi hayo bado hayakubaliki. Katika *Desertion* ya Abdulrazak Gurnah, Rehana, ambaye babake ni Mhindi na mamake ni Mswahili, anampenda Mwingereza aliyeokotwa akiwa hoi katika mji mdogo wa pwani mwaka wa 1899. Mwingereza anaenda zake. Miaka mingi baadaye, Zanzibar, aibu ya Rehana inamwangukia mjukuu wake Jamila: wazazi wa kijana anayempenda hawataki kusikia jina lake.

Mjukuu. Hapo nilifunga kitabu.

Historia nayo haikunituliza. Mwaka wa 1908, ofisa wa serikali ya kikoloni Nyeri, Hubert Silberrad, alishtakiwa kwa wakubwa wake kwa kuwachukua wasichana wa Kiafrika. Hakufutwa kazi. Mwaka uliofuata, London ikatoa waraka wa kuwaonya maofisa wake kuhusu mambo kama hayo. Hofu kubwa ilikuwa heshima ya serikali. Wale wasichana wenyewe walitaka nini, au walilazimishwa nini? Ni wachache waliojisumbua kuuliza.

Nikagundua kwamba hata mimi sijawahi kumwuliza Susu. Nikapanda basi la Makindu.

Nilimkuta kwenye kibanda chake akipima maharagwe kwa ile mizani ya chuma ya kale, yenye sahani mbili na mawe yake. Niliizoea tangu utotoni. Nikamwuliza, "Susu, Babu alikutoroka?"

Aliweka jiwe la kilo polepole. "Nani alikwambia nilitorokwa?"

"Si ndiyo watu husema?"

"Watu hawakuwa chumbani." Akacheka kidogo. "Alitaka twende naye. Alisema akishapata nyumba huko, atatuma nauli. Nikamwuliza kitu kimoja tu: mbele ya mamako utaniita nani? Akaangalia chini. Mjukuu wangu, aliangalia chini muda mrefu sana. Nikamwambia basi, niachie mizani."

"Ulimpenda?"

"Ningekuwa simpendi, ningemwuliza ya nini?"

Miaka yote hiyo tulimhurumia mwanamke aliyeachwa, kumbe alikuwa amekataa kwenda kuishi mahali ambapo hana jina. Hakutusahihisha kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Na pia, nadhani, kwa sababu kijijini ilikuwa rahisi kusamehewa ukiwa umetorokwa kuliko ukiwa umechagua. Huruma yetu ilimnyima uamuzi mkubwa zaidi wa maisha yake. Sisemi haukuwa na gharama. Mama alikua akiitwa chotara kisimani, na hilo Susu analijua. Aliponiambia hayo hakuniangalia usoni.

Nilirudi Nairobi na kilo mbili za maharagwe ambazo alikataa nilipe. Jumapili jioni nilimwuliza mpenzi wangu swali la Susu, bila kubadilisha neno. Aliangalia chini. Halafu akachukua simu, akaiweka tena mezani, akasema nimpe wiki moja.

Leo ni Alhamisi.