Nusu Uniti Iliyotufunza Kusahihisha

Ndugu mwalimu-mwanafunzi, kugeuza vipimo vya nishati hudhaniwa kuwa ni jambo la kukariri: hapa zidisha, pale gawanya. Nasi tulidhani hivyo tulipokwenda Bunda kwa mazoezi ya kufundisha, na dhana hiyo ikatufanya tumdhulumu mtoto.

Tuliwauliza Darasa la Saba: jiko la umeme la wati 1,000 likiwaka kwa nusu saa, hutumia nishati kiasi gani? Katika andalio letu la somo jibu lilikuwa kilowati-saa 0.5, yaani nusu ya ile "uniti" ambayo TANESCO humuuzia mteja. Msichana mmoja aliandika jouli 1,800,000. Tukamtilia alama ya kosa kwa wino mwekundu.

Baada ya kipindi alitujia na daftari lake. "Shikamoo, Mwalimu. Naomba unionyeshe nilipokosea."

Hatukuweza kumwonyesha. Wati 1 ni jouli 1 kwa kila sekunde. Nusu saa ina sekunde 1,800. Zidisha kwa 1,000, utapata jibu lake. Swali letu halikutaja kipimo. Aliyekosa ni sisi.

Kesho yake tuliisahihisha alama ile mbele ya darasa zima, kisha tukaanza somo upya kwa jambo walijualo. Mwalimu Nyerere alipoanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alitoka kwao Butiama, mwendo wa maili 26 hivi. Je, ni kilometa ngapi? Wakapata kama 42. "Basi njia imerefuka?" Wakacheka: "Hapana, Mwalimu!" Njia ni ile ile, kilometa ni fupi kuliko maili, kwa hiyo zinahitajika nyingi zaidi.

Hapo tukarudi kwenye nishati. Uniti 1 ni jouli 3,600,000, kwa kuwa jouli ni ndogo mno. Kalori 1 ni jouli 4.2 hivi, kwa hiyo nusu uniti ile ile ni kalori 429,000 hivi. Kabla ya kila hesabu darasa lilikisia kwanza: idadi itaongezeka au itapungua? Ndipo wakachagua wenyewe kuzidisha au kugawanya.

Tangu siku ile hutaja kipimo katika kila swali. Na kabla ya kushika kalamu nyekundu, husoma kwanza njia aliyopita mtoto.