Bukavu: Kipuri kuingia si kusema kinafaa

Kijana mmoja mwendesha pikipiki mjini Bukavu alibadilisha gurudumu la meno la nyuma, lile linalozungushwa na mnyororo. Matundu ya bolti yalilingana, idadi ya meno ilikuwa ileile, na bei ilikuwa nafuu. Siku hiyohiyo mnyororo ukaanza kuruka kila alipopanda mlima na abiria.

Aliukaza, ukaendelea kuruka. Akanyoosha tairi la nyuma, bado. Siku mbili zikapita bila kumfikishia mwenye pikipiki pesa yake.

Fundi hakukaza kitu. Aliusukuma mnyororo kwa kidole, upande huu na ule, ukayumba juu ya meno. Kisha akasoma namba: mnyororo ni 428, gurudumu ni la 420. Kutoka pini hadi pini yote mawili ni milimita 12,7, ndiyo maana macho hudanganyika. Lakini kwa ndani mnyororo wa 428 una upana wa karibu milimita 7,9, na ule wa 420 una 6,35 tu. Meno membamba hayaushiki vizuri mnyororo mpana.

Mnyororo ukichomoka kwenye mteremko unaweza kufunga tairi la nyuma, na anayeanguka si dereva peke yake. Kijana alinunua mara mbili, na bei nafuu ikageuka ghali.

Ndugu waendesha pikipiki, mkienda sokoni bebeni kipuri cha zamani mkononi. Someni namba kwanza, ndipo mlipe.