Makongoro, Mwani na Chakula cha Seli

Aghalabu mwanachuo anayejiandaa kufundisha shule ya msingi hudhani kwamba habari za maabara kubwa hazimhusu, kwa kuwa shule aendako huenda isiwe na hadubini hata moja. Sisi tuliofundisha sayansi hapa Rulenge tumeona kinyume chake. Wataalamu wa leo wanatafuta namna ya kutumia mwani badala ya damu ya ndama katika kulisha seli. Jambo hilo laweza kuanzishwa darasani kwa sufuria ya makongoro.

Makongoro huchemshwa jioni kwa muda mrefu, kisha mchuzi huchujwa na kuachwa katika bakuli. Asubuhi, kwa baridi ya vilima vya Ngara, wanafunzi huukuta umeganda. Kila mmoja huweka kipande kiganjani, nacho huyeyuka. Hapo mwalimu asiharakishe kueleza. Awaache wajadiliane mpaka wagundue kwamba ni joto la mwili. Kilichogandisha mchuzi ni jelatini, itokayo katika ngozi na kano.

Ndipo tunapowasimulia habari za Berlin. Katika maabara ya Robert Koch, bakteria walioteshwa juu ya jelatini. Ilipofikishwa kwenye joto la mwili wa binadamu, nyuzi 37, iliyeyuka. Tena baadhi ya bakteria waliimeng'enya. Mwaka 1881 Fanny Hesse, ambaye mumewe Walther alifanya kazi humo, alipendekeza agari, aliyoizoea jikoni kwake katika kugandisha vyakula vitamu. Agari hutokana na mwani wa baharini. Huyeyuka kwenye nyuzi 85 hivi, na ikishaganda hustahimili joto la mwili. Hadi leo maabara huitumia. Wanafunzi hustaajabu kusikia kwamba ujuzi huo ulitoka jikoni.

Hatua ya pili ni seli za wanyama, ambazo ni vigumu zaidi kuzilea. Mtoto wa mfugaji anaijua ndigana kali iletwayo na kupe. Kijidudu chake huishi ndani ya seli za ng'ombe, na mwaka 1970 watafiti wa Muguga, nchini Kenya, walitangaza kwamba wamekikuza katika seli hizo nje ya mwili. Seli zilezwazo chupani hupewa maji yenye sukari, chumvi, vitamini na asidi-amino. Mara nyingi huongezwa seramu, yaani majimaji ya damu iliyotengwa na donge lake, kiasi cha asilimia 10. Seramu itumikayo sana hutoka kwa ndama ambaye hajazaliwa, aliyekutwa tumboni mwa ng'ombe aliyechinjwa kwa ajili ya nyama.

Hapo darasa hunyamaza, kwani watoto hawa wanajua thamani ya ng'ombe mwenye mimba. Kisha huja swali: "Mwalimu, ndama huyo huumia?" Mwalimu asilikwepe. Aseme kwamba wataalamu wenyewe wangali wanalijadili, na kwamba ni sababu mojawapo ya kutafuta njia nyingine. Sababu nyingine ni kwamba seramu ya leo hailingani na ya kesho, na yaweza kubeba virusi.

Watafiti wa Japani wamevunjavunja klorela, mwani mdogo wa maji baridi, wakapata virutubisho vya kulisha seli changa za misuli ya ng'ombe. Lakini seramu si chakula tu. Ina protini zinazoiamuru seli ikue na kugawanyika. Mfano wa shambani wafaa hapa: punje ya harage haioti hata katika udongo wenye rutuba, mpaka mvua inyeshe. Mwani hutoa rutuba. Kuipata ile mvua bila mnyama ndiyo kazi ngumu inayoendelea.

Kwa hiyo hatuna budi kusema kwa kipimo. Tusichanganye pia aina za mwani: ule unaolimwa Paje na Jambiani, Zanzibar, hutoa karajini, wala si agari.

Mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi achore safu mbili daftarini: "Yaliyothibitishwa" na "Yanayotafutwa". Agari iandikwe katika ya kwanza, na mwani badala ya seramu katika ya pili. Safu hiyo ya pili isifutwe pamoja na ubao. Mwanafunzi akitoka shuleni akiamini kwamba kila jambo limekwisha kujulikana, tutakuwa tumemnyima sehemu iliyo bora ya sayansi.