Harvard Mezani

Buruburu, Jumamosi 8 Februari 2025

Seti ya kuunda mfano wa ndege ya Harvard imefika, imeletwa na binamu aliyetoka Uingereza. Fremu za plastiki ya kijivu, kioo kimefungwa peke yake, stika za kulowesha, karatasi ya maelekezo. Kipimo ni 1/72. Juu ya kisanduku wamechora ndege ya njano ikiruka juu ya theluji ya Kanada.

Sigusi gundi kabla ya kupima. Harvard halisi ina mita 12.81 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili, na urefu wa mita 8.84. Ukigawa kwa 72 unapata milimita 177.9 na 122.8. Nimeyaunga mabawa kwa selotepu na kuyaweka juu ya rula ya chuma: 178 kasoro kidogo. Safi kabisa. Kiwiliwili kimezidi kwa karibu milimita moja, na ziada hiyo yote iko nyuma ya kioo. Macho hayaioni, lakini rula imeiona, na naiandika.

Kilichonifurahisha ni pale bawa la kati linapounganishwa na bawa la nje. Kwenye ndege ya kweli, kipande cha kati kimelala sawa, na kuanzia kwenye kiungo bawa linapanda. Pale pale pana ukanda mwembamba ulioinuka, unaofunika boliti. Seti nyingi za zamani ziliusahau au ziliuchonga mnene kama ukingo wa sufuria. Hapa ni uzi tu, hadi kidole kiupapase ndipo uuhisi. Aliyechora hii alisimama kando ya ndege yenyewe na kuitazama.

Jumapili 9 Februari

Injini. Pratt & Whitney R-1340, silinda tisa zilizopangwa duara, upana wa mita 1.31. Hapa inapaswa kuwa milimita 18 na ushei, na ndivyo ilivyo. Silinda zote tisa zina mapezi yake. Ekzosi zimo mbili: fupi ya Kimarekani, na ile ndefu ya ubavu wa kulia inayojulikana kwenye Harvard zilizoundwa Kanada, ambayo joto lake lilitumika kumpasha rubani. Nitatumia ndefu.

Propela ndiyo tatizo. Ya kweli ina futi 9, yaani mita 2.74, kwa hiyo natafuta milimita 38. Nimepata 36. Mtu atasema milimita mbili ni nini. Kwenye ndege yenyewe ni karibu sentimita 15, na kwa Harvard hizo sentimita si kitu cha kupuuza. Injini yake inazungusha propela moja kwa moja bila gia. Ikifika mizunguko 2,250 kwa dakika, ncha za propela zinakimbia mita 320 na zaidi kwa sekunde, karibu kabisa na kasi ya sauti. Ndiyo maana Harvard hulia kwa mlio mkali unaotambulika kutoka mbali. Ukiifupisha propela, umebuni ndege nyingine.

Stika: Kanada, Marekani, Afrika Kusini. Kenya haimo.

Jumatano 12 Februari

Stima imepotea tangu saa moja. Nimesoma kwa tochi ya simu habari za Harvard hapa Kenya.

Kikosi cha 1340 cha jeshi la anga la Uingereza kililetwa Kenya mwaka 1953 kutoka Rhodesia Kusini, miezi michache baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Ndege zake zilikuwa Harvard, za kufundishia marubani. Zikafungwa rashasha moja ya .303 na vishikio vya mabomu manane madogo, kila moja ratili 20, karibu kilo 9. Zikaruka kutoka Mweiga kuwapiga wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Mwishoni mwa 1953 zikaja Lincoln zenye injini nne, ambazo kituo chao kilikuwa Eastleigh, hapa hapa kwetu, uwanja unaoitwa leo Moi Air Base. Lincoln kwa 1/72 ingekuwa na mabawa ya zaidi ya nusu mita, meza yangu haiitoshi.

Wala Waingereza hawakuwa peke yao. Wafaransa waliifunga silaha ndege ya aina hii kule Algeria, Wareno wakaipeleka Msumbiji na Angola. Ilienda polepole kiasi cha rubani kuona chini. Mwendo huo wa polepole ungemuua mahali penye mizinga ya kutungulia ndege. Wapiganaji wa Mau Mau hawakuwa nayo. Kwa hiyo neno “mafunzo” lililoandikwa kisandukuni ni kweli nusu tu, na kwa nchi yetu nusu iliyobaki ndiyo kubwa.

Jumamosi 15 Februari

Nimekwenda Bahati kumwona Shosho, mama mzazi wa rafiki yangu. Alikuwa msichana Nyeri wakati ule, katika kijiji cha Hali ya Hatari kilichozungukwa na handaki. Nimemwekea kiwiliwili na mabawa kiganjani, bado havijapakwa rangi.

“Hii ndiyo ile ya kelele,” akasema. “Tulikuwa tunaisikia kabla ya kuiona.”

Akaipindua. Akapitisha ukucha chini ya bawa, kuanzia kwenye kiungo kwenda nje.

“Mjukuu, mabomu yake yako wapi?”

Nikamwambia hayakuwekwa. Akaniuliza kama walioiunda wanajua ilifanya nini. Kisha akanieleza habari za nyati waliojeruhiwa na mabomu, waliotoka msituni wakiwa wakali na kuvamia watu mashambani. Kuhusu rangi hakusita: ilikuwa inameta juani kama bati jipya. Kwa hiyo yangu itakuwa ya fedha.

Jumanne 18 Februari

Leo ndiyo tarehe aliyonyongwa Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, pale Kamiti, mwaka 1957. Mpaka sasa familia yake haijapewa mabaki yake ya kuzika. Nimepita kwenye sanamu yake mjini nikitoka kazini, maua yalikuwepo.

Usiku nimekata vishikio kutoka kwenye kipande cha plastiki chembamba, vinne kila upande. Mabomu nimeyachonga kwa vijiti vya fremu, mapezi kwa bati la kopo la soda. Ni kazi ya kuumiza macho, na nimeifanya kwa moyo wote.

Jumapili 23 Februari

Nimemaliza kuunganisha. Propela mpya nimeichonga mwenyewe, milimita 38. Rangi wiki ijayo, kukiwa na jua.

Uamuzi wangu, kwa yeyote wa kundi letu la waunda mifano atakayeniazima daftari hili kabla ya kununua: umbo la mabawa na injini ni bora kuliko seti yoyote ya Harvard niliyowahi kushika. Kiwiliwili kimezidi kidogo, kiache kilivyo. Propela itupe. Ukitaka ndege iliyoruka Mweiga, ongeza rashasha moja na vishikio vinane, na uvitengeneze mwenyewe, maana kisandukuni havimo.