Mlima Ulio Nyuma ya Kimanga

Mgeni akifika Uvira huonyeshwa ziwa. Sawa, Tanganyika ina kina cha meta 1,470 na ndagala wake ni watamu. Mimi namwambia ageuke. Nyuma ya nyumba za mtaa wa Kimanga milima ya Mitumba imesimama wima, na njia za miguu zinapanda kuelekea nyanda za juu, ambako watalii hawafiki na wengi wetu wa mjini hatujawahi kukanyaga.

Panda alfajiri, jua likiwa bado nyuma ya milima ya Burundi. Ukiacha nyumba za mwisho unaingia kwenye mihogo iliyopandwa mahali pa mteremko mkali, mkulima analima bega likikaribia kugusa udongo. Saa hizo akina mama wanateremka sokoni, kamba ya mzigo imepita kwenye paji la uso, shingo imekaza, macho yako kwenye kokoto. Anayepanda ndiye anayepisha.

"Pole na mzigo, mama."

"Asante, mwanangu. Panda pole pole."

Juu zaidi mihogo inaisha, majani mafupi yanaanza, na upepo unakausha jasho. Hapo tazama kaskazini, mto Rusizi unapokutana na ziwa. Wapelelezi Burton na Speke walifika Uvira Aprili 1858 wakitaka kujua kama mto huo unatoka ziwani au unaingia. Wenyeji waliwaambia unaingia. Wakarudi bila kuufikia, na wazungu wakaendelea kubishana hadi Novemba 1871, Stanley na Livingstone walipokwenda kwa mtumbwi kujionea. Wakati wa mvua, ukiwa huku juu, maji ya matope unayaona yakijitanua ndani ya buluu. Mchungaji yeyote wa milima hii angewaonyesha kwa kidole.

Mlima huu pia una majeraha. Miti imekatwa sana kwa ajili ya makaa, na mvua ikipiga udongo haushikiki. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Ukisimama hapa unaelewa maji yale yalipata wapi mbio, na inauma.

Mbele kabisa ni Itombwe, hifadhi tangu 2006, yenye sokwe wakubwa wa Grauer na bundi aliyepatikana 1951, kisha asishikwe tena hadi 1996. Vita vimefunga njia za huko mara nyingi, kwa hiyo uliza kwanza. Zikiwa salama, anzia Kimanga, beba maji ya kutosha, na umwombe kijana wa huko juu akutangulie. Yeye anajua shamba gani linapitika na mzee gani wa kusalimiwa kwanza.